Baada ya Dhiki, au Pamoja na Dhiki?

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa waalikwa, mabibi na mabwana,

Barua ya mwaliko iliniomba nieleze njia kumi za kupata furaha katika nyakati za msongo wa mawazo. Niliisoma mara mbili nikitumaini kwamba hiyo kumi ilikuwa kosa la uchapaji. Sina njia kumi. Nina ugomvi na methali moja, na kwa kuwa ugomvi huo nimeubeba kwenye majukwaa mengi kabla ya hili, wale walionisikia zamani wataniwia radhi nikiurudia, maana sijaona dalili yoyote kwamba nimeushinda.

Methali yenyewe ni "Baada ya dhiki, faraja". Sisemi kwamba ni ya uongo. Aliyefiwa, aliyeachishwa kazi na aliyekesha na mgonjwa wote wameambiwa maneno hayo yakawapa nguvu, nami sina nia ya kuwapokonya. Ninachogombana nacho ni neno "baada". Tumelielewa kana kwamba dhiki na faraja ni mahasimu wasioweza kukaa chumba kimoja, hivyo sharti mmoja atoke ndipo mwenzake aingie. Matokeo yake, methali iliyokusudiwa kumtia mtu moyo tumeigeuza ratiba: kwanza deni liishe, mtoto afaulu, mgonjwa apone, bei zishuke, kisha ndipo tutakapoketi tucheke. Ratiba hiyo ina jina lake katika mazungumzo yetu ya kila siku, nalo ni "mambo yakitulia".

Naomba kila mmoja wenu ajiulize kimoyomoyo mambo yake yalitulia lini mara ya mwisho, na utulivu huo ulidumu siku ngapi. Atakayepata zaidi ya wiki mbili anitafute tukitoka hapa, nami nitakuwa mwanafunzi wake.

Wasomaji wa Kurani watakumbuka kwamba Sura ya 94 inalitaja jambo hili mara mbili mfululizo, katika aya ya 5 na ya 6, na kwamba neno la Kiarabu lililotumika pale ni "maa", yaani "pamoja na". Wepesi umetajwa pamoja na uzito. Mimi si shehe wala mfasiri, na wenye elimu hiyo wana mengi ya kusema juu ya aya hizo ambayo siyawezi. Nataka tu ieleweke kwamba "pamoja na" si uzushi nilioutunga njiani nikija huku.

Utafiti wa mwaka 1978 juu ya washindi wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, Marekani, mmeshausikia, kwa hiyo sitausimulia. Ila kila anayeusimulia husimulia nusu yake: kwamba washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuliko watu wengine kwa kiwango cha maana. Nusu ya pili ndiyo inayonihusu. Waliulizwa pia wanapata raha kiasi gani katika mambo madogo kama kuzungumza na rafiki, kupata kifungua kinywa na kusikia kichekesho, na hapo wakaonekana kuambulia raha kidogo kuliko wale ambao hawakushinda chochote. Washindi waliohojiwa walikuwa 22 tu, na juu ya msingi mwembamba kama huo sijengi ghorofa. Hata hivyo, watu hao walikuwa wamefika kwenye ile "baada" ambayo sisi wengine tunaisubiri, na walipofika waliikuta meza ya kifungua kinywa imepoa.

Utafiti ninaouthamini zaidi ni wa mwaka 1981, wa mwanasaikolojia Richard Lazarus na wenzake. Kabla yao, mtu aliyetaka kupima msongo alihesabu matukio makubwa. Thomas Holmes na Richard Rahe walikwisha kutoa kipimo chao mwaka 1967, ambamo kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa alama 100 na talaka 73. Kundi la Lazarus lilikwenda njia nyingine. Liliandaa orodha ya kero 117 za kila siku, kama vile kupoteza vitu, kupanda kwa bei, kuwa na kazi nyingi kuliko saa za siku, na wasiwasi juu ya unene, likawafuatilia watu 100 wa umri wa makamo mwezi baada ya mwezi kwa miezi kumi. Ikaonekana kwamba kero hizo zilitabiri dalili za maradhi ya nafsi vizuri kuliko matukio makubwa. Walikuwa pia na orodha ya viburudisho 135, yaani mambo madogo yanayomfurahisha mtu, na kwa upande huo matokeo hayakuwa safi, nami sitayapaka rangi ili yanipendeze. Lakini vile vilivyotajwa sana ni vya kutazamwa: kuelewana na mwenzi, kuelewana na marafiki, kumaliza kazi uliyoianza, kujisikia mzima, kulala vya kutosha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mambo yatulie kwanza.

Sisi ni watu wa "haba na haba hujaza kibaba", na ajabu ni kwamba methali hiyo tunaitumia kwa akiba ya fedha peke yake. Kero nayo hujaza kibaba, tena haichoki. Anayejaziwa kibaba cha kero kutwa nzima, naye cha faraja amekifunika akisubiri mwisho wa dhiki, asishangae jioni kwamba amemgombeza mtoto kwa sababu ya kijiko.

Sasa itanibidi nisimulie kisa cha karata. Naona safu ya mbele kuna wanaotabasamu, wamekisikia, wavumilie.

Marehemu baba yangu aliugua kwa miezi minane. Kila jioni nilipokwenda kumwangalia alikuwa na pakiti ya karata juu ya blanketi, na kila jioni aliniuliza, "Mwanangu, tugawe?" Nami kila jioni nilikuwa na simu mkononi: nadaiwa, nafuatilia vipimo, nawapigia ndugu walioahidi mchango na sasa hawapokei. Nilimjibu, "Baba, mambo yakitulia." Alikuwa mtu wa adabu, hakunibishia, alizichanganya karata na kucheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na nina hakika kwamba aliuibia mmojawapo. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata simu sikuiweza, nikakaa, akagawa. Aliiba tangu mchezo wa kwanza, waziwazi, kwa mikono inayotetemeka. Nikamwambia, "Baba, mfalme huyo umemtoa chini ya mto." Akakana. Tukabishana, akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kutukaripia sote wawili kana kwamba ni watoto wa darasa la pili, na alipoondoka tukagawa upya.

Asubuhi yake deni lilikuwa vilevile na majibu ya vipimo hayakubadilika hata herufi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaouza furaha kama dawa ya kufuta shida, na mchezo ule haukufuta chochote. Tulicheza jioni zipatazo thelathini kabla hajafariki. Miezi mitano iliyotangulia, ambayo niliitumia kusubiri, siikumbuki. Nikijaribu kuikumbuka naiona simu tu. Tulipoondoa vitu vyake tuliokota karata tatu chini ya godoro.

Najua kuna mtu hapa ambaye tangu nianze ananijibu moyoni: huyu anasema hivyo kwa sababu ameshiba. Ni jibu la haki. Asiye na chakula hahitaji mhadhara, anahitaji chakula, na mwajiri anayewapunguzia watu mishahara kisha akawaitia mtaalamu wa kuwafundisha kuvuta pumzi polepole anastahili kuambiwa arudishe mishahara. Sijasema kwamba furaha ndogondogo ichukue nafasi ya kudai kilicho chetu. Nasema kwamba wanaodai kwa miaka mingi bila kucheka huchoka kabla ya wanaodaiwa, na hilo ni faida kwa wanaodaiwa.

Yupo pia wa upande wa pili, anayeona ni aibu kufurahi ilhali wenzake wanateseka. Huyu namheshimu lakini simwelewi. Mgonjwa wangu ndiye aliyekuwa anataka kucheza. Mwenye huzuni ya kuonyesha watu nilikuwa mimi.

Na kwa aliye na sonona, ambaye hata kile alichokipenda hakimpi ladha kwa wiki nyingi mfululizo, haya yote si yake kwa sasa. Sonona ni ugonjwa, unatibika, na kumwambia mgonjwa wake ajitahidi kufurahi ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu ajitahidi kukimbia. Aende kwa daktari, na sisi tumsindikize.

Mwenyekiti amenionyesha saa, nami nilikuwa na mambo manne. Nitayapita mbio. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, saa yoyote, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao yalikuwa kwingine, na kwa jumla walikuwa na furaha pungufu kuliko mawazo yalipokuwa kwenye walichokifanya. Hata waliowaza mambo matamu hawakuwapita waliokuwa wakishughulika na kilicho mbele yao. Kwa hiyo hata kuiota ile "baada" hakulipi.

La pili ni usemi "raha jipe mwenyewe", ambao ni kweli nusu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake waliwapa watu dola 5 au 20 wazitumie kabla ya jioni, wengine kwa nafsi zao, wengine kwa mtu mwingine. Waliozitumia kwa mtu mwingine ndio waliofurahi zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. La tatu lilikuwa juu ya abiria wa Chicago walioombwa wazungumze na mgeni aliyekaa karibu nao, wakadhani safari itakuwa mbaya, ikawa nzuri. Nitalieleza wakati wa maswali, akitokea wa kuuliza.

La nne ni usingizi, na juu ya usingizi nilikuwa nimeandika kurasa sita. Nazirudisha kwenye mkoba. Mwenyekiti, ukumbi ni wako.