Juisi ya Forosadi Mezani: Mazungumzo Kutoka Mbeya

BARAKA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko hapa Mbeya. Dada Atu, kuna mama wa Uyole ametuuliza swali. Anatengeneza juisi ya forosadi na stroberi, na watu wake nyumbani wanaishushia chakula cha mchana. Inawajenga au inawaumiza?

ATU: Ndaga, kaka Baraka. Wataalamu wa Finland waliwahi kuwalisha watu mkate pamoja na stroberi na matunda mengine madogo ya jamii hiyo, wakawapima damu. Mwili ulitumia insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, kidogo kuliko mkate ulipoliwa mtupu. Inadhaniwa ni kazi ya polifenoli, ambazo ndizo zinazoyapa matunda haya wekundu na weusi wake. Zinapunguza kasi ya wanga kugeuka sukari tumboni.

BARAKA: Basi sisi wa ugali wa sembe na wali wa Kyela tumepata dawa!

ATU: Dawa hapana, kaka. Wale walipewa tunda lililosagwa zima, na nyuzinyuzi zake. Sisi tunasaga, tunachuja, makapi tunatupa, kisha tunamimina sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 ni kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko 6 vya chai. Na sukari ya tunda lililokamuliwa inahesabiwa humo humo, hata kama hujaongeza chochote.

BARAKA: Hata ile ya asili?

ATU: Hata hiyo. Ndiyo maana namwomba mama yetu aweke chujio pembeni, asage, awanyweshe nzito hivyo hivyo, glasi ndogo. Asiweke sukari. Kama ni kali, aongeze maji au kipande cha ndizi mbivu.

BARAKA: Na damu je? Mtaani wanasema juisi nyekundu inaongeza damu.

ATU: Rangi haiongezi damu. Ila stroberi ina vitamini C nyingi, karibu miligramu 60 katika gramu 100, na vitamini C inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha. Hapo ndipo kuinywa pamoja na chakula kuna maana, kuliko kuinywa saa kumi peke yake. Mikoa yetu inalima kila kitu, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu wa watoto. Hilo linaniuma sana. Maharage yapo, matunda yapo, tunashindwa kuyakutanisha kwenye sahani ya mtoto.

BARAKA: Lakini umesema kuna polifenoli. Hizo si ndizo zinazolaumiwa kwenye chai?

ATU: Umeuliza vizuri. Ndizo, zinashika chuma kisinyonywe. Forosadi nazo zinazo, ila vitamini C inapunguza ubaya huo. Chai haina msaada huo. Kwa hiyo asiichemshe juisi, maana moto unaiharibu vitamini C.

BARAKA: Wa kuwa mwangalifu ni nani?

ATU: Mwenye kisukari ale tunda lenyewe, juisi aiache. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari wake kabla ya kubadilisha anachokunywa kila siku. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa. Na meno: hizi juisi zina asidi, suuza kinywa kwa maji, mswaki usubiri kama nusu saa.

BARAKA: Na chai yetu ya Tukuyu, dada? Watu hapa hawaiachi.

ATU: Wasiiache. Waisogeze tu, saa moja hivi baada ya kula, hasa mama mjamzito na binti aliyeanza hedhi.