Kugawanya Skrini ya Kishikwambi: Kazi Moja, Madirisha Mawili

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, na asanteni wasimamizi wa maktaba hii ya Kaloleni kwa kutupa ukumbi Jumamosi asubuhi, saa ambayo nusu ya Nairobi iko sokoni Gikomba na nusu nyingine bado imelala. Naona walimu, naona waweka hazina wa vyama, naona na vijana wawili waliofuata intaneti ya bure. Karibuni pia, keti mbele.

Nitasema langu mapema ili anayetaka kuondoka aondoke nalo. Kugawanya skrini kunafaa pale kazi ni moja lakini imekaa mahali pawili. Kazi zikiwa mbili, usigawanye. Matangazo ya madukani hutuonyesha kijana ametia filamu kushoto na barua pepe kulia, anatabasamu. Huyo barua hasomi, na filamu haioni. Mimi leo nitawaonyesha mweka hazina wa chama, maana ndiye ambaye uwezo huu ungemfaa kuliko wote, na sijaona tangazo linalomtaja.

Chama kina akina mama 30. Kila mmoja hutuma mchango kwa M-Pesa. Mwisho wa mwezi mweka hazina anaomba taarifa ya miamala, inamfikia kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa, anaifungua kwa nambari ya siri, halafu anaanza kuhamisha kwenye jedwali: jina, tarehe, kiasi, na ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 zilizochanganywa. Anasoma kwenye PDF, anatoka, anafungua jedwali, anaandika nusu ya nambari, nusu nyingine imemponyoka. Anarudi. PDF imejifungua upya na iko ukurasa wa kwanza, naye alikuwa wa nne. Anateremsha, anateremsha, anamtafuta Mama Achieng, anampata, anaona ni Mama Achieng wa mwezi uliopita.

Mnacheka kwa sababu mnamjua.

Hapo kuna vitu viwili vinavyomtesa, kimoja cha kichwa na kimoja cha kifaa. Cha kichwa ni hiki: mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hubeba vitu kama 7, ongeza au punguza 2. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaja akasema hata hizo 7 ni ukarimu, tuseme kama 4 hivi. Nambari ya muamala ina 10, tena zisizounda neno lolote. Kwa hiyo mweka hazina hasahau kwa sababu ya umri, kama binti yake anavyomwambia. Binti mwenyewe angesahau vilevile.

Cha kifaa ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kifaa hutumia kwa programu zilizofunguliwa. Android ikiona RAM inakaribia kujaa, huanza kuzima programu ambazo hazionekani kwenye skrini. Unapotoka kwenye PDF kwenda kwenye jedwali, PDF imeshaingia kwenye foleni ya kuzimwa, na kwenye kishikwambi cha bei nafuu foleni hiyo ni fupi sana. Ndiyo maana ukirudi unaanzia ukurasa wa kwanza. Programu inayoonekana mbele ya macho yako ndiyo huguswa mwisho kabisa. Ukiziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu, zote zinaonekana, na ukurasa wa nne unabaki kuwa wa nne. Tena hana haja ya kuikariri ile nambari: anaikandamiza kwa kidole mpaka ipakwe rangi, anainakili, anaibandika upande wa pili. Baadhi ya programu hata zinakuruhusu kuiburuta ikavuka mstari wa katikati. Nambari haipiti kichwani mwake hata kidogo.

Walimu, lenu ni hili. Mwanasaikolojia John Sweller wa Australia alieleza nadharia ya mzigo wa akili mwaka 1988, na mwaka 1992 yeye na Paul Chandler wakachapisha utafiti kuhusu mwanafunzi anayepewa mchoro hapa na maelezo yake kule. Nguvu nyingi zinaishia kwenye kuunganisha hapa na kule, na za kuelewa zinabaki kidogo. Fikirieni karatasi ya kwanza ya Jiografia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile yenye ramani. Ramani iko faili moja, maswali faili lingine. Mtoto anayefungua hili na kufunga lile anafanya mtihani wa kumbukumbu, na sisi tulitaka kupima kama anajua kusoma ramani. Weka zote mbili wazi, mzigo huo unapungua. Haumaliziki, niseme ukweli. Kwa hoja ya Sweller, hata ubavu kwa ubavu macho bado yana safari, na ni bora maelezo yaandikwe juu ya mchoro wenyewe. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 50 hana usiku wa kuchora upya kila ramani.

Upande wa pili wa shilingi ni mtafiti Sophie Leroy, ambaye mwaka 2009 alionyesha kwamba mtu akiruka kutoka kazi ambayo hajaimaliza kwenda nyingine, mabaki ya ile ya kwanza hubaki kichwani na kumpunguzia uwezo kwenye ya pili. Sasa wewe umefungua taarifa ya chama kushoto, na kulia umeweka WhatsApp ya ukoo wenye mazishi ya kupanga. Umejiletea mabaki kwa mkono wako. Mimi napendekeza hivi: kabla hujagawanya skrini, jiulize kama upande wa kulia una jibu la swali lililo upande wa kushoto. Kama hauna, funga mmoja.

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa siku ya kwanza. Chukua kishikwambi cha inchi 10.5 chenye umbo la 16 kwa 10, kama hivi vingi vya Samsung. Ukikilaza, skrini ina upana wa sentimita 22.6 na kimo cha 14.1. Ukiigawa katikati, kila upande unapata upana wa sentimita 11.3. Karatasi ya A4 ina upana wa 21. Maana yake ukurasa wako umebanwa hadi karibu nusu, na herufi ya pointi 12 inasomeka kama ya pointi 6 na kidogo. Hayo ni maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Mtu anasema macho yake yameharibika, kumbe ni hesabu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, ule mstari mweusi wa katikati unasogea. Ushike, usukume mpaka PDF ichukue theluthi mbili: sasa ina sentimita 15, na herufi zimefika pointi 8 na nusu, zinasomeka. Jedwali lako la safu nne linatosha kwenye theluthi iliyobaki. Ya pili, ambayo watu hawaijaribu kabisa: simamisha kishikwambi. Android itaziweka programu moja juu na nyingine chini, na kila moja inapata upana wote wa sentimita 14.1. Kwa kitu chenye mistari mirefu, kama waraka wa serikali au mkataba wa nyumba, kusimamisha ni bora kuliko kulaza. Kwa vitu virefu vyembamba, kama orodha ya miamala au mazungumzo, laza. Upande wa iPad mambo ni tofauti: umbo lake liko karibu na 4 kwa 3, na mgawanyo wake wa kawaida hukaa ubavu kwa ubavu hata ukiisimamisha.

Halafu kibodi. Kishikwambi kikiwa kimelazwa, kibodi ya kwenye skrini hula karibu nusu ya kimo. Umegawanya skrini vizuri, unagusa jedwali ili uandike, kibodi inapanda, unabaki na vipande viwili vya kuchungulia. Kibodi ndogo ya Bluetooth inamaliza ugomvi huo. Kama mfuko hauruhusu, kibodi ya Google ina chaguo la kuelea: inakuwa ndogo na unaisogeza pembeni. iPad nayo ina hilo tangu 2019. Ibane kibodi kwa vidole viwili.

Namna ya kugawanya sitaisema kwa urefu, tutaifanya kwa mikono muda si mrefu. Samsung walitangulia mwaka 2012 na Galaxy Note 10.1, mwaka uleule Microsoft walipotoa Surface. Android yenyewe ikaleta jambo hili kwa wote kwenye toleo la 7, mwaka 2016. iPad ilizaliwa 2010 ikasubiri hadi 2015. Kwenye Android nyingi za leo unafungua orodha ya programu za karibuni, unagusa alama iliyo juu ya picha ya programu, unachagua kugawanya skrini, kisha unachagua ya pili. Penye upau wa programu chini, ni rahisi zaidi: unashika alama na kuiburuta hadi pembeni. Kwenye iPad, tangu 2021 kulikuwa na nukta tatu juu katikati. Toleo la 26 la mfumo wake, lililotoka 2025, limebadilisha utaratibu huo: ukichagua hali ya madirisha kwenye mipangilio, kila programu inakuwa dirisha unaloweza kulivuta kona na kulirusha ukingoni likajipanga. Wenye iPad ambao juzi mlisasisha na hamzioni nukta zenu, ndiyo sababu.

Nimeulizwa hapa na mzee: kishikwambi chake alichonunua Luthuli Avenue hakionyeshi chaguo hilo popote, je, kimeharibika? Hapana, mzee. Baadhi ya vifaa vyenye RAM ndogo huondolewa uwezo huo kiwandani, kwa kuwa programu mbili zikiwaka pamoja vingekwama. Ukienda kununua kingine, uliza RAM kabla ya kuuliza rangi, na mwambie muuzaji akugawanyie skrini palepale kaunta, mbele yako. Akianza kusema "itakubali ukifika nyumbani", rudisha pesa mfukoni.

Mwalimu huyu anasema kuna programu inayokataa kugawanywa. Zipo. Mtengenezaji anaweza kuamua hivyo. Tangu Android 12, mwaka 2021, mfumo wenyewe huzilazimisha zikubali kwenye skrini kubwa, ingawa nyingine hukubali zikiwa zimenuna: vitufe vinakatika, maandishi yanapandana. Ikikufanyia hivyo, irudishie theluthi mbili ya skrini, kwa kawaida hutulia.

Na dada anauliza kama anaweza kufungua majedwali mawili ya programu ileile, mwezi uliopita na mwezi huu. Kwenye iPad inawezekana tangu 2019, mradi programu yenyewe ikubali. Kwenye Android nako inategemea programu. Isipokubali, fungua moja kwenye programu na nyingine kwenye kivinjari, kazi ni ileile.

Basi tufungue vifaa. Wenye Samsung, meza ya dirishani. Android nyingine, hapa kati. iPad, upande wa mlango. Kwenye flashi hii nimeweka taarifa ya miamala ya kubuni yenye kurasa 6, majina yote ya uongo. Hamisheni miamala 10 ya kwanza kwenye jedwali bila kuandika nambari hata moja kwa kidole. Na tuanze na kulaza, tutasimamisha baadaye.