Kijana Aliyejumlisha kwa Simu

Walimu wakuu, walimu wenzangu, hamjambo. Mlionisikia Jinja mtanivumilia. Hadithi ni ileile kwa sababu ugonjwa ni uleule: watoto wetu wanaikariri kompyuta, kuitumia hawawezi.

Chama chetu cha akiba pale shuleni kina wanachama 30. Mweka hazina alipougua, nikamwita kijana wa Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, atuingizie michango kwenye Excel, ile programu ya majedwali. Anasoma kompyuta, alama zake nzuri. Jedwali likatoka la kupendeza: kichwa cha kijani, majina kwa herufi nzito. Nikamsifu. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba simu yako." Nikadhani anataka kumpigia mama yake. Kumbe anatafuta kikokotoo! Akajumlisha michango yote kwenye simu, mmoja mmoja, akapata jibu, akaliandika chini ya safu.

Kesho yake mwalimu mmoja akaleta risiti: shilingi 20,000 zake hazikuandikwa. Kijana akasahihisha. Jumla ikasimama palepale kama nguzo ya umeme. Siku ya tatu tunatazamana vibaya chumba cha walimu, kila mtu anamtafuta mwizi. Mwizi hakuwepo.

Nikamuuliza kijana: Excel ni nini? Akanikariria maana yake neno kwa neno. ENIAC, ile kompyuta ya 1946, na mirija yake anaijua. Fomula je, yale maagizo unayoandika ili Excel ijumlishe yenyewe? "Tuliinakili ubaoni, mwalimu."

Najua mtasema: kompyuta ni kumi, wanafunzi themanini, umeme nao unakatika. Ndiyo maana nasema tuchague la kufundisha kwanza! Mwenye unga kidogo hapiki maandazi na chapati na mkate. Na fomula haihitaji umeme. Mimi huifundisha chini ya mwembe: huyu mtoto ni B2, yaani kisanduku cha pili cha safu B kwenye jedwali, yule ni B3, kila mmoja ana namba yake kwenye karatasi, wa mwisho ni jumla. Nikibadilisha karatasi ya B2, jumla asipobadilika darasa zima linamzomea.

Mwingine atasema wazazi siku hizi wanataka watoto watengeneze programu, wajue akili mnemba. Sawa. Lakini fomula ndiyo programu ya kwanza ya mtu: unaiagiza mashine kazi itakayofanyika hata wewe ukiwa umelala. Asiyeielewa hiyo, hiyo akili mnemba ataiagiza nini?

Halafu mtaala mpya wa O-level hapa Uganda, ile miaka minne ya kwanza ya sekondari, ulioanza 2020, umeiacha TEHAMA iwe somo la hiari. Asiyeichagua ndiyo basi. Hisabati je? Hisabati ni lazima kwa wote. Basi fomula iingie kwenye hisabati. Na tusimcheke kijana peke yake: zile alama za mwaka mzima tunazopeleka UNEB, baraza la mitihani, zile 20 katika 100, nani humu huzijumlisha kwa simu? Msinyooshe mikono, mwenyekiti anaandika majina.

Nilitaka kusema habari ya mafaili, maana mtoto akihifadhi kazi yake leo, kesho haijui iliko. Na neno la siri. Na wale wa "nimekutumia mobile money kimakosa, nirudishie," ambao wanatula sisi kabla ya watoto. Lakini naonyeshwa saa, na chai imefika.

Kabla ya chai, watatu waje mbele. Madamu, wewe ni B2. Mzee wa kofia, B3. Mwenyekiti, wewe utakuwa jumla.