Unaponyimwa mafao kwa maradhi ya akili: kukata rufaa nchini Marekani

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wengine, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi Marekani hulificha: kuomba mafao ya ulemavu kwa sababu ya sonona, kiwewe cha vita au maradhi mengine ya akili, kisha kuletewa barua ya kukataliwa.

Barua hiyo isome hadi mwisho kabla ya kuitia kabatini. Mara nyingi haisemi kwamba huumwi. Inasema kwamba yaliyomo kwenye faili hayaonyeshi kuwa maradhi yako yanakuzuia kufanya kazi kwa muda usiopungua miezi 12. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya hurudi kwenye rufaa na cheti kingine cha ugonjwa uleule ambao hakuna aliyeubisha.

Vigezo vya SSA, idara ya Hifadhi ya Jamii inayoamua maombi haya, hutazama maeneo manne: kuelewa, kukumbuka na kutumia maelezo; kuhusiana na watu; kutuliza akili na kwenda na kasi ya kazi; na kujimudu mambo yanapobadilika. Panatakiwa upungufu uliokithiri katika eneo moja, au mkubwa katika mawili. Asiyefika hapo bado anaweza kushinda akithibitisha kwamba uwezo uliombakia haumtoshi kushika kazi ya kudumu.

Hapa ndipo adabu zetu zinapotuponza. Daktari anauliza, "Mama, unaendeleaje?" naye mama, ambaye usiku kucha alikaa kitako akiulinda mlango, anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," kama alivyofunzwa na bibi yake. Mkalimani anatafsiri neno kwa neno, daktari anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na miezi kadhaa baadaye mstari huo unasomwa na mtu asiyemjua kabisa. Basi salamu zikiisha, sema yaliyo kweli: kwamba wiki hii sufuria imeungua jikoni mara mbili, kwamba ulishindwa kupanda basi kwa kuogopa watu, kwamba dawa hukumbushwa na binti yako. Kisha mwombe daktari aandike, pamoja na jina la ugonjwa, ni siku ngapi kwa mwezi ungekosa kazini na ni muda gani kwa siku akili ingekutoka kwenye kazi, kwani maswali ya namna hiyo ndiyo huulizwa mtaalamu wa ajira anayeitwa mbele ya jaji.

Hatua zenyewe kwa kawaida ni nne: kuomba uamuzi upitiwe upya, kusikilizwa na jaji, Baraza la Rufaa, na mahakama ya shirikisho. Kila moja ina siku 60 tangu upate barua, nayo huhesabiwa kuwa imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Aliyechelewa aeleze sababu kwa maandishi. Maradhi ya akili yenyewe na kutojua Kiingereza huzingatiwa. Ushahidi wa kusikilizwa upelekwe angalau siku 5 za kazi kabla. Wakili, kwa kawaida, hulipwa ukishinda tu, kwa sehemu ya malimbikizo ya mafao yako, yenye kikomo kilichowekwa.

Mkalimani wa SSA ni bure, kwa hiyo msiwabebeshe watoto kazi hiyo. Yapo mambo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Wenye barua zao leo wabaki kidogo, tuanze kwa kutazama tarehe.