Sophiatown Jukwaani: Nyumba Ilikuwa ya Nani?

Mabibi na mabwana, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi, nami sioni haya kuanzia hapo hapo: kwenye hati ya nyumba. Tamthilia ya Sophiatown, iliyotungwa na kundi la Junction Avenue la Johannesburg na kuoneshwa mwaka 1986, huigizwa mara nyingi kana kwamba Sophiatown, mtaa wa Johannesburg ambao Waafrika wake walihamishwa kwa nguvu, ulikuwa dansi na kofia za majambazi tu, na watazamaji hutoka wakipiga miluzi. Mimi humtazama Mamariti. Ni mama muuza pombe, naam, lakini ndiye mwenye nyumba, na Mwafrika aliyemiliki nyumba yake mjini ndiye hasa serikali ya makaburu haikuweza kumvumilia.

Hapa huinuka mtu akaniambia kwamba wenye nyumba walikuwa wachache, na kwamba wapangaji waliosongamana katika vibanda vya uani, wakikamuliwa kodi na akina Mamariti hao hao, walifurahi kupewa nyumba Meadowlands, mtaa wa serikali walikohamishiwa. Wapo waliofurahi, na mwongozaji anayewaficha anatudanganya. Lakini huko Meadowlands, ni Mwafrika gani aliyeruhusiwa kumiliki kiwanja? Hakuna hata mmoja. Mwenye nyumba na mpangaji wake walipakiwa pamoja na vitanda na makabati yao, wakashushwa wote wakiwa wapangaji wa serikali. Hilo ndilo lililokusudiwa. Kisingizio kilikuwa kuondoa makazi duni, ila juu ya kifusi walijengewa Wazungu mtaa ulioitwa Triomf, yaani Ushindi, jina lililodumu hadi 2006. Anayesafisha uchafu hajiiti mshindi.

Malori yalikuja tarehe 9 Februari 1955, siku tatu kabla ya ile iliyotangazwa, yakisindikizwa na polisi wapatao 2,000, ilhali kuta zimeandikwa kwamba watu hawahami. Mwongozaji anayefupisha kule kusubiri malori kwa wakazi ili apate nafasi ya wimbo mwingine, sijui ameisoma tamthilia ipi.

Nilikusudia kumzungumzia pia Padri Trevor Huddleston, aliyepigania mtaa ule na ambaye wenzetu wa Masasi walimpata kuwa askofu wao mwaka 1960, lakini mwenyekiti ananionesha saa. Tutamrudia kwenye maswali. Ila swali la muziki, tafadhali, liwe la mwisho.