Nianze na Shingo

Karibuni mama zangu, na nyinyi mabinti mnaoanza kazi wodini. Leo tunajifunza huduma ya kangaroo, yaani kumbeba njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani ngozi kwa ngozi.

Shingo ya njiti wa kilo moja na robo haijaweza kubeba kichwa. Ukimfunga kifuani na kitenge, kidevu kikamwangukia, njia ya hewa inajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Mama anasema amelala fofofo, kumbe anakosa hewa. Geuza uso upande, inua kidevu kidogo, upindo wa kitenge uishie chini ya sikio, na pua uione muda wote. Uione wewe, siyo wifi aliyekuja kusalimia.

Wengi mnadhani shida ya njiti ni mapafu tu. Kweli, wapo ambao mapafu yao hayana bado ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Hao wanaguna na kubonyea mbavu tangu saa za mwanzo, wanahitaji hewa ya msukumo. Lakini huyu aliyekuwa anapumua vizuri, mara kimya sekunde 20, midomo inabadilika rangi, mapigo yanashuka? Ubongo wake haujakomaa, umesahau kutoa amri. Ndiyo maana daktari anaandika kafeini. Hiyo hiyo ya kwenye kahawa, ila bibi asije akamlambisha kahawa!

Akinyamaza ukiwa naye kifuani, msugue mgongo au wayo. Asipoitika, ita muuguzi kwa sauti. Hakuna cha kuona haya.

Sasa hili la watu kusema kangaroo ni "huduma ya maskini" linaniudhi. Ni kweli Dkt. Edgar Rey aliianzisha Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wodi imefurika na inkubeta, zile mashine za kuwatunzia joto, hazitoshi. Lakini utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwa moja ya nchi tano, ulichukua watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliosubiri kwanza watulie, wakiwa wodini na huduma zao, walikufa asilimia 15.7 ndani ya siku 28. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, asilimia 12. Shirika sasa linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama akienda kuoga, baba avue shati.

Haya, mama wa kitenge cha kijani, njoo na huyu mdoli. Funga tukuone. Hapana, kidevu hicho, kiinue.