Kanisa letu la Shirati lilizaliwa mwaka gani?

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji, wazee wa kanisa, mama zangu, nanyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, asanteni kwa kuniita niseme habari za kanisa lililonilea.

Mtoto yeyote wa shule ya Jumapili hapa Shirati ukimuuliza kanisa letu la Mennonite lilianza lini, atakujibu bila kusita: 1934. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na ikifika 2034 tutachinja ng'ombe tusherehekee miaka 100. Nami nitakula, Mungu akinijalia. Lakini leo nataka tulisumbue kidogo jibu hilo, kwa sababu naona linawanyima bibi na babu zetu haki yao.

Yaliyotokea 1934 yanajulikana. Bodi ya misheni ya Wamennonite wa mashariki ya Marekani, kutoka Pennsylvania, ilimtuma Elam Stauffer pamoja na Orie Miller kutafuta mahali pa kuanzia kazi Tanganyika. Mwanza walipata ushauri wa Emil Sywulka wa Africa Inland Mission, misheni nyingine ya Kiprotestanti, aliyezijua vizuri nchi za kandokando ya ziwa, naye akawaelekeza huku Mara. Februari mwaka ule wakafika Shirati. Hawakukuta pori lisilo na mwenyewe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma hapa kabla ya Vita ya Kwanza, na wazee wetu walikuwa wamekwisha kuona serikali mbili za kigeni zikipita. Stauffer na mkewe Elizabeth, na John Mosemann na mkewe Ruth, wakaweka makazi kwenye kilima cha Katuru. Miongoni mwa vijana wa kwanza kusogea karibu nao alikuwa Zedekia Kisare. Jina hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa, wageni hawa walikuwa watu gani? Mizizi yao iko Zurich, Uswisi, Januari 1525, ambako kikundi kidogo cha waumini kilibatizana upya, kikisema kwamba mtoto mchanga hawezi kuamua kumfuata Kristo, na kwamba serikali haina mamlaka ya kumfanya mtu awe Mkristo. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat kwa kosa hilo la ubatizo. Menno Simons, padri wa Uholanzi tuliyerithi jina lake, aliacha upadri 1536 akajiunga na watu hao waliokuwa wakiwindwa. Walikataa upanga. Walishika neno la Yohana 13, wakawa wanatawadhana miguu.

Angalieni basi jambo hili. Kwa imani yao wenyewe, kanisa ni watu walioitika kwa hiari yao, wakijua wanachokifanya. Haliwezi kuzaliwa siku mmisionari aliposhusha masanduku yake. Kwa hiyo Mmennonite anayesema kanisa letu lilizaliwa 1934 anataja siku mpanzi alipoingia shambani. Mbegu ilikuwa bado mkononi.

Mimi nasema lilizaliwa 1942.

Miaka ile minane ya mwanzo ilikuwa na kazi nyingi na nzuri. Shule zilifunguliwa, wagonjwa walitibiwa, watu walibatizwa. Misheni ikaenea Bukiroba, Mugango, Bumangi na Nyabasi. Lakini wazee walionilea walikuwa wakisema wazi kwamba wakati ule kulikuwa na watu wa juu na watu wa chini. Juu, kilimani, waliishi wenye taratibu. Chini tuliishi sisi tuliozifuata taratibu hizo mchana na kuziacha usiku. Mtu aliacha pombe mbele ya mchungaji, akaendelea nayo nyuma ya ghala. Kila upande ulikuwa na heshima kwa mwenzake, lakini haukumwamini.

Agosti 1942 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kupita Uganda ukatufikia hapa Shirati. Watu walilia kanisani. Walisimama mmoja mmoja wakataja dhambi zao kwa majina yake, mbele ya waume zao, mbele ya wakwe zao. Wamisionari nao walisimama, wakatubu kiburi na kujiona bora. Wimbo ule wa Kiganda, "Tukutendereza Yesu", ambao kila mlokole wa Afrika Mashariki anaujua ukawa wimbo wetu.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo, akifanya kazi ya kushona na kufua katika nyumba moja ya misheni. Alinisimulia zaidi ya mara kumi, na kila mara alikunja ncha ya kanga yake kunionyesha. Ndani ya kanga alikuwa amefunga sindano mbili na kipande cha sabuni alivyokuwa ameiba. Alipanda kilima asubuhi na mapema, miguu ikitetemeka. Alipobisha, mama yule wa Kizungu alitoka mwenyewe. Bibi akafungua fundo, akasema, "Mama, hivi ni vyako, niliiba." Yule mama alizitazama sindano kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulia, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba alikuwa anajua. Kila jioni wasichana walipoondoka alizihesabu sindano. Alizihesabu kwa sababu alikwisha kuamua kuwa watu wetu wote ni wezi. Akamwomba bibi msamaha kwa kule kuhesabu.

Walikaa pale mlangoni, wakaomba pamoja. Bibi alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakumwita tena bibi mkubwa. Alimwita dada.

Kwangu mimi kanisa la Shirati lilizaliwa mlangoni pale, na katika milango mingine kama ule ambayo hakuna aliyeiandika.

Kutawadhana miguu nako kukapata uzito mwingine. Nilipokuwa mdogo nilichungulia upande wa akina mama. Palikuwa na karai la bati, maji ya vuguvugu, na mama wa Kijaluo aliyejifunga taulo kiunoni amepiga magoti mbele ya mama wa Kikuria aliyeolewa huku. Mnajua wenyewe makabila haya mawili yameibiana ng'ombe kiasi gani na kuzikana mara ngapi. Alimwosha taratibu, kati ya kidole na kidole, akamfuta, wakasimama wakakumbatiana. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, ila hilo sijalisahau.

Mengine nitayapita haraka, maana yanatokana na hilo. Mwaka 1950 wachungaji wanne Waafrika wa kwanza waliwekewa mikono: Ezekiel Muganda, Andrea Mabeba, Nashon Nyambok na yule kijana wa Katuru, Zedekia Kisare. Mwaka 1960 kanisa likaanza kujitegemea. Mwaka 1967 Kisare akawa askofu wetu wa kwanza Mwafrika, Mjaluo katika kanisa la Wajita, Wakuria, Wazanaki, Wakwaya na wengineo, wote wakiunganishwa na Kiswahili. Mwaka 1979 dayosisi ikagawanywa, Hezekiah Sarya akapewa Mara Kusini. Hospitali yetu nayo inastahili mhadhara wake, kuanzia wagonjwa wa ukoma hadi utafiti wa saratani ya watoto, ile ya Burkitt, uliofanyika hapa hapa North Mara.

Ndugu zangu, waliokuwa watoto mwaka 1942 sasa wanahesabika kwa vidole. Wawili wako hapa mbele leo, na wengine mmewaacha nyumbani juani kwenye mkeka. Majina ya wamisionari yameandikwa, barua zao zimetunzwa Pennsylvania. Aliyerudisha mbuzi, aliyelipa deni la mahari, aliyekwenda Tarime kwa miguu kumwomba radhi mtu aliyemjeruhi, hao wote wamo vichwani mwa wazee hawa tu. Nimekuja na daftari. Liko hapa mezani, na kalamu iko juu yake. Tukishafunga kwa sala, nitaanza na mama huyu wa kwanza kushoto. Vijana, nahitaji wawili wenye mwandiko mzuri.